Saa Yako Imesema Umechoma Kalori 900 Buyangu? Tulia Kwanza

Wikendi ikiisha, status zinajaa picha za mkono uliovaa saa. Hatua 18,000. Kalori 900. Moto, moto, moto. Mbogi imetoka Kakamega, imeingia hifadhi ya msitu upande wa Buyangu, imepanda kile kilima ukifika juu unaona miti hadi macho yachoke, ikashuka kucheki maporomoko ya Isiukhu, halafu ikarudi kutuonyesha namba.

Hakuna ubaya. Umetoka kwa keja, umetembea, umepumua hewa ambayo haijapitia ekzosi ya matatu. Hongera.

Sasa fikiria kitu kimoja. Kwa njia ile ile ya kuelekea msituni umepishana na mathee amebeba mtungi wa lita 20 kichwani. Amekusalimia "mulembe", ukaitikia, akaenda zake. Asubuhi hiyo ashalima, na akifika kwake kuna nguo za kufua na mahindi ya kuchambua. Hana saa janja. Hana screenshot. Kwa ulimwengu wa data, huyo mama hajafanya mazoezi.

Hapo ndipo kuna ngori. Namba ya kalori kwenye mkono wako ni makisio, na makisio hayo yalijengwa juu ya miili na maisha ya watu wengine kabisa. Ukiitumia kujipiga picha, sawa. Ukiitumia kuamua utakula nini, utajidanganya. Na kama bima, mabosi na serikali wataanza kuitumia kuamua nani anasonga na nani ni mvivu, watu wa Buyangu na wewe wa Umoja mtapimwa kwa mizani ambayo haikutengenezewa nyinyi.

Saa inaona nini haswa?

Ndani ya saa kuna kidude kinaitwa akselerometa. Kazi yake ni kuhisi mkono ukibadilisha mwendo: mbele na nyuma, juu na chini, kushoto na kulia, mara nyingi kwa kila sekunde. Programu inachambua huo mtikisiko. Ikipata mdundo unaofanana na kutembea, inaandika hatua.

Ndiyo maana msee anayepiga ngoma ya isukuti akiwa amesimama pahali pamoja anaweza kuandikiwa hatua ambazo hajatembea. Na ukisukuma mkokoteni umejaa mabao, mikono imeshika imara, saa inaweza kukunyima hatua ulizotoa jasho kuzipata. Mkono haujacheza, so kwa saa hukuwa unatembea.

Halafu kuna ile taa ya kijani chini ya saa. Damu hunyonya mwanga wa kijani. Moyo ukipiga, damu inajaa kidogo kwenye mishipa ya mkono, mwanga unaorudi unapungua, na saa inahesabu hilo kama pigo moja. Poa sana. Shida ni kwamba melanini, ile rangi ya ngozi yetu, pia hunyonya mwanga huo huo.

Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walipima saa saba kwa watu 60. Kwa mapigo ya moyo, saa sita kati ya saba zilikosea kwa chini ya asilimia 5. Hiyo ni kazi nzuri. Lakini makosa yaliongezeka kwa watu wenye ngozi nyeusi zaidi, kwa watu wenye uzito mkubwa na wakati wa kutembea. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke wakarudia swali hilo na hawakuona tofauti kubwa ya rangi ya ngozi. Walichoona ni kwamba saa zinakosea zaidi mtu akiwa anasonga kuliko akiwa ametulia. So mjadala wa ngozi bado haujafungwa.

Kwa kalori hakuna mjadala. Katika utafiti ule wa Stanford, saa iliyofanya vizuri zaidi ilikosea kwa wastani wa asilimia 27. Iliyofanya vibaya zaidi ilikosea kwa asilimia 93.

Piga hesabu. Tuseme umechoma kalori 500 kikweli. Saa bora inaweza kukuambia 365 ama 635. Kutoka chini hadi juu hapo kuna tofauti ya kama chapati nzima. Ile mbovu inaweza kukuambia 35, ama 965. Halafu wewe unaingia kwa kibanda unaagiza mbili na maharagwe kwa sababu "nimefanya kazi leo."

Kwa nini kalori zinasumbua hivyo? Kwa sababu hakuna kidude ndani ya saa kinachoona kalori. Saa inachukua umri, jinsia, urefu na uzito ulioandika ile siku uliinunua (na tunajua uliandika uzito gani), inaongeza mapigo na mtikisiko, halafu inapitisha yote kwa fomula. Fomula nyingi za aina hiyo zilitokana na watu waliovalishwa barakoa za kupima oksijeni wakitembea na kukimbia ndani ya maabara za Ulaya na Marekani. Hakuna aliyekuwa amebeba kuni.

Na hapo tunaongelea saa za maana. Zile za bei ya chini zinazodai kupima mapigo, presha na sukari kwa pamoja, shika rada. Kuna saa zimewahi kufungwa kwenye roli ya tissue zikaonyesha mapigo ya moyo. Kuhusu sukari, Februari 2024 mamlaka ya dawa na chakula ya Marekani, FDA, ilitangaza wazi kwamba haijaidhinisha saa wala pete yoyote inayodai kupima sukari ya damu bila kutoboa ngozi. Kama mzae wako ana kisukari na anategemea saa kama hiyo kuamua dozi ya insulini, mwambie leo. Hiyo inaweza kumuua.

Wanasayansi walishangazwa na mama zetu kitambo

Rudi kwa yule mathee na mtungi. Kwa akselerometa, ni mtu anayetembea polepole. Kilo 20 zilizo juu ya kichwa hazionekani popote. Saa haijui kuna mzigo.

Ungedhani basi saa inamnyima kalori nyingi, na kwamba ukiongeza mzigo kwa fomula mambo yatanyooka. Hapa stori inapinda.

Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti uliofanywa Kenya na kundi la wanasayansi, mmoja wao Profesa Geoffrey Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Walichukua wanawake Waluo wanaobeba mizigo kichwani na wanawake Wakikuyu wanaobeba mgongoni kwa mkanda unaopita kwenye kipaji cha uso. Wakawatembeza kwenye mashine ya kukimbilia huku wakipima oksijeni wanayotumia. Matokeo: mzigo ukiwa hadi asilimia 20 ya uzito wa mwili, wanawake hao hawakutumia nguvu zaidi ya walivyotumia bila mzigo. Zero. Mzigo ukipita hapo, ndipo gharama ikaanza kupanda.

Mwaka 1995 ukaja utafiti mwingine kueleza siri yenyewe. Ukitembea, mwili wako unabembea kama pendulamu: unapanda kidogo, unashuka kidogo, na sehemu ya nguvu inarudi kukusukuma mbele. Sisi wengine tunapoteza sehemu ya nguvu hiyo kila hatua. Wanawake waliozoea kubeba tangu utotoni, wakiwekewa mzigo, wanabembea vizuri zaidi na kupoteza kidogo.

Lakini usikimbie kutangaza kwamba mama zetu wana mwili wa ajabu. Baadaye watafiti waliopima wanawake Waxhosa nchini Afrika Kusini, matokeo yao yakichapishwa mwaka 2010, hawakuona punguzo hilo kwa wote. Walichoona ni tofauti kubwa kati ya mtu na mtu. Wengine walibeba kwa wepesi, wengine walilipa kila kilo.

Tena fanya hesabu ya mtungi. Mama wa kilo 60, asilimia 20 yake ni kilo 12. Mtungi wa lita 20 uliojaa ni kilo 20, bila kuhesabu plastiki. Amepita ile sehemu ya bure kwa kilo nane. Na oksijeni haipimi shingo, haipimi mgongo, haipimi saa mbili ambazo angekuwa anafanya biashara ama amelala.

So saa inaweza kumkosea kwa njia mbili: inaweza kumnyima kwa sababu haioni mzigo, ama kumwongezea kwa sababu fomula haijui ujuzi wake. Watu wawili, njia moja, mzigo mmoja, na ukweli tofauti. Hiyo ndiyo maana ya makisio.

Wahadza waliharibu hesabu ya kila mtu

Sasa tuvuke mpaka kidogo, twende Tanzania, karibu na Ziwa Eyasi. Huko wanaishi Wahadza, jamii ambayo baadhi yao bado wanaishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi na kurina asali. Kama kuna watu wa kuchoma kalori duniani, ungedhani ni hawa.

Mtafiti Herman Pontzer na wenzake walienda kuwapima, na hawakutegemea saa. Walitumia njia ambayo wataalamu wanaiheshimu kuliko zote: maji maalum yenye haidrojeni na oksijeni za aina nzito. Unakunywa, unaendelea na maisha yako, unatoa mkojo kwa siku kadhaa, na maabara inahesabu kaboni dioksaidi ambayo mwili wako umetoa. Kutoka hapo wanajua nguvu uliyotumia kikweli. Ni njia ya bei ghali, ndiyo maana huioni kwa saa ya mtu.

Walipima watu wazima 30. Wanaume walikuwa wanatembea kama kilomita 11 kwa siku, wanawake karibu 6. Matokeo yakachapishwa mwaka 2012, na watu wakabaki mdomo wazi. Ukizingatia ukubwa wa mwili, Wahadza walitumia kalori kwa siku karibu sawa na Wamarekani na Wazungu wanaokaa ofisini.

Maelezo ya Pontzer ni kwamba mwili una bajeti. Ukitumia nyingi kwa kutembea, unabana kwingine ambako huoni. Wanasayansi bado wanabishana kuhusu kiwango cha huo mbano, lakini fundisho kwako liko wazi: hesabu ya "nimechoma 600, basi naweza kula 600" haifanyi kazi hivyo, hata kama saa ingekuwa sahihi.

Je, hiyo ina maana mazoezi ni bure? Zii! Wahadza hao hao walipovalishwa mikanda ya kupima mapigo ya moyo, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2017, ilionekana wanafanya zaidi ya saa mbili za harakati za wastani hadi kali kila siku, na dalili za hatari ya ugonjwa wa moyo zilikuwa chache. Kusonga kunalinda moyo. Kupunguza kitambi ni stori ya sahani zaidi kuliko ya viatu.

Na sisi Wakenya tumepimwa?

Ndiyo, na kwa njia bora kuliko ya saa yako. Kuna utafiti uliochapishwa mwaka 2012 uliopima zaidi ya watu wazima 1,000 Waluo, Wakamba na Wamaasai wa mashambani. Walibandikwa kifaa kidogo kifuani kinachorekodi mapigo ya moyo na mwendo kwa pamoja, siku na usiku. Kabla ya hapo kila mmoja alipanda na kushuka ngazi kwa mdundo maalum, ili kifaa kijue moyo *wake* unafanya nini *yeye* akifanya kazi inayojulikana.

Hiyo hatua ndogo ndiyo saa yako imeruka. Mtu alipimwa kwanza dhidi ya mwili wake mwenyewe, halafu ndiyo namba zikasomwa. Na hata hivyo kuna mipaka. Vifaa vya aina hiyo vilipolinganishwa na yale maji maalum kwa watu wazima nchini Kamerun, matokeo yakichapishwa mwaka 2011, vilitoa wastani mzuri wa kundi zima, lakini kwa mtu mmoja mmoja bado viliweza kupotoka.

Sasa linganisha na vile serikali inatuhesabu. Utafiti wa kitaifa wa magonjwa yasiyoambukiza wa 2015, unaoitwa STEPS, uliuliza Wakenya kwa mdomo wanasonga kiasi gani. Jibu: ni asilimia 6.5 tu ambao hawafikishi kiwango kinachopendekezwa. Yaani kwa karatasi, sisi ni taifa la wanariadha. Utafiti huo huo ulikuta asilimia 27 ya watu wazima wana uzito uliozidi, na kwa wanawake ni asilimia 38.5.

Namba hizo mbili zikikaa meza moja, zinauliza maswali. Moja, kumuuliza mtu "unafanya kazi ya nguvu saa ngapi kwa wiki?" ni kumwomba akisie, na binadamu hukisia akijipendelea. Mbili, huenda ni kweli tunasonga, ila chakula kimebadilika kuliko miguu. Na tatu, wastani wa nchi unaficha tofauti: mtu wa Buyangu anayelima kwa jembe na mtu wa Roysambu anayekaa kwa kiti cha ofisi saa tisa wamewekwa kwa kikapu kimoja.

Hiyo ndiyo sababu sensa za mwilini ni muhimu, na hatufai kuzitupa. Zikitumiwa kwa kundi kubwa, zikipimwa kwanza kwa watu wa hapa, zinaweza kuonyesha kile dodoso haliwezi: nani anakaa, nani anachoka, na kazi ya akina mama isiyolipwa ni nzito kiasi gani.

Nani anashika data ya moyo wako?

Hapa ndipo vijana tunalala. Afrika Kusini, kampuni ya Discovery kupitia mpango wake wa Vitality inawapa wateja pointi na zawadi kulingana na mazoezi ambayo saa zao zinarekodi. Wazo hilo lina mvuto, na linasafiri. Siku likizoeleka hapa, jiulize: zawadi zitaenda kwa nani? Kwa msee wa Kilimani mwenye saa ya elfu hamsini anayekimbia Karura, ama kwa mama wa Buyangu aliyebeba maji maisha yake yote bila sensa?

Unakumbuka Worldcoin 2023? Watu walipiga foleni KICC kuskani macho kwa tokeni za kama elfu saba. Serikali ikasimamisha, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data hiyo ifutwe. Miaka karibu miwili baadaye. Mapigo ya moyo, usingizi na mzunguko wa hedhi ni siri kubwa kama macho, na tunavitoa bure kwa programu ambazo masharti yake hatujasoma.

Sheria iko upande wako. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaweka taarifa za afya kwenye kundi la data nyeti. Una haki ya kujua zinatumiwaje, kuomba kuziona na kuomba zifutwe zikiwa zinashikiliwa kinyume cha sheria. Ukinyimwa, kuna Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ya kupeleka malalamiko. Mwajiri akikuja na "challenge ya hatua" ofisini, uliza swali moja tu: data inaenda wapi ikiisha?

So ufanye nini na hiyo saa?

Usiitupe. Itumie kwa kile inajua. Linganisha wiki yako na wiki yako, kwa saa ile ile, mkono ule ule. Hatua zikipungua mwezi mzima, hiyo ni habari ya kweli. Mapigo yako ukiwa umepumzika yakishuka polepole, moyo wako unakuwa fiti. Yakipanda ghafla bila sababu, nenda hospitali ukapimwe na mashine ya ukweli.

Namba ya kalori ipuuze. Unaweza hata kuiondoa kwenye skrini.

Usiumizwe na hatua 10,000. Namba hiyo ilipata umaarufu kupitia kifaa cha kuhesabu hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965, na jina lake lilimaanisha hatua elfu kumi. Ilikuwa biashara. Uchambuzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2025 ulionyesha kwamba faida nyingi za kiafya zinapatikana ukifika karibu hatua 7,000 kwa siku. Na kama hesabu za hatua zinakuchosha, Shirika la Afya Duniani linapendekeza dakika 150 hadi 300 za harakati za wastani kwa wiki, pamoja na siku mbili za kutia misuli nguvu. Kulima kunahesabiwa. Kubeba maji kunahesabiwa. Kutembea kutoka stage hadi kwa keja kunahesabiwa.

Kama uko na wazazi ocha, usiwanunulie saa kwanza. Wapeleke wapimwe presha na sukari. STEPS ya 2015 ilionyesha zaidi ya nusu ya watu wazima Kenya hawajawahi kupimwa presha hata mara moja. Mashine ya presha iko kwa kliniki na kwa chemist nyingi, na haihitaji kuchajiwa na simu yako.

Na ukienda Buyangu tena, panda kilima, piga picha, weka status. Ukipishana na mathee na mtungi wake, mpishe njia, ama umsaidie kuubeba hadi kwake. Hapo ndipo utajua kazi ni nini, hata saa ikinyamaza.